Mdogo Wake Fundi Redio Yuko Wapi

Benchi letu liko nje ya duka la kinyozi, na kinyozi ndiye mimi. Ni ubao mmoja mrefu juu ya magogo mawili, umekaliwa hadi umeng'aa katikati, na mwisho wa kushoto kuna msumari ambao kila mgeni huukalia mara moja tu. Fundi Redio kibanda chake kinagusana na changu, hata nikipiga chafya yeye ndiye wa kwanza kuniambia pole. Mama Cherehani hakai benchini, anakaa barazani kwake, hatua tatu kutoka kwetu, na anasikia kila kitu hata mashine ikiwa inakwenda mbio. Koma ni mstaafu wa kiwanda cha uchapaji. Miaka thelathini alikuwa anasahihisha vitabu vya watu, na mpaka leo hawezi kupita tangazo la dawa ya mende bila kutoa kalamu. Halafu kuna Askofu, ambaye ni fundi wa kupaka rangi nyumba. Hana kanisa wala fimbo. Jina alipewa kwa ajili ya sauti. Kahawa naileta mimi kwenye chupa kubwa, saa tisa alasiri, na ikiisha ndipo kila mtu anakumbuka kwamba ana kazi.

Alhamisi ile Fundi Redio alifika kabla ya kahawa. Hakufungua kibanda. Alikaa katikati ya benchi, mikono kati ya magoti, na sikioni hakuwa na ile bisibisi yake.

– Leo umefunga? – nikamuuliza.

– Nimefunga.

– Kuna nini?

Akatoa simu mfukoni, akanipa nisome. Namba haikuwa na jina. Ujumbe ulikuwa mfupi: *Baba mkubwa baba ametutoka jana usiku tutamzika Ijumaa saa nane tuko nyumbani*

Koma alikuwa ameshanyoosha shingo begani kwangu, anasoma. Ujumbe mzima hauna hata nukta moja, lakini hakutoa kalamu.

– Pole, ndugu yangu, – akasema. – Pole sana.

– Ni yule mdogo wako? Fundi Bomba? – Mama Cherehani akauliza kutoka barazani.

– Ndiye. Sina mwingine.

Hapo inabidi nieleze. Ndugu hawa wawili walizaliwa na mama mmoja, wakabatizwa kanisa moja, wakaimba kwaya moja. Zamani walikuwa wanakuja kwangu kunyolewa pamoja, halafu wanagombania nani aanze, watu wazima wenye wake na watoto. Halafu mdogo akahama. Akaenda kwa wale wanaosali Jumamosi na kufundisha kwamba mtu akifa amelala, haoni, hasikii, hajui, mpaka siku ile atakapoitwa. Mkubwa akabaki alipokuwa. Hilo peke yake lisingewatenganisha. Kilichowatenganisha kilitokea kwenye mazishi ya mama yao, miaka tisa iliyopita, na mimi nilikuwepo. Tangu siku ile hawakuonana. Na wala si kwamba walikuwa wanakutana wakanuniana. Hawakuonana kabisa. Mji una barabara za kutosha kwa watu wasiotaka kukutana.

Askofu akaja na ndoo yake ya chokaa, akapewa habari, akavua kofia. Nikamimina kahawa. Fundi Redio alishika kikombe, hakunywa.

– Sasa nawauliza, – akasema. – Kila siku mnabishana hapa, mnajua mambo. Niambieni. Mdogo wangu yuko wapi sasa hivi?

Kwa desturi ya kijiwe chetu, swali kama hilo lingejibiwa na watu wanne kwa mpigo. Safari hii tukatazamana.

– Koma, wewe ndiye uliyesoma, – nikasema.

– Mimi nimesahihisha, sikusoma. Ni kazi mbili tofauti. – Akajikohoza. – Lakini kuna jambo moja. Yule mwizi aliyesulubiwa pembeni, mnamkumbuka?

– Nani asiyemkumbuka?

– Aliahidiwa kwamba atakuwa peponi. Na kwenye ahadi ile kuna neno "leo". Sasa, ukiweka koma kabla ya "leo", jamaa aliingia peponi siku ileile, jua halijazama. Ukiiweka baada ya "leo", basi ni kwamba aliambiwa leo, lakini ataingia siku nyingine huko mbele.

– Na iko wapi hiyo koma? – Fundi Redio akauliza, na kwa mara ya kwanza akainua uso.

– Ndiyo tatizo. Walioandika hawakuandika koma. Maneno yalikwenda tu moja kwa moja, kama siafu. Koma tumeweka sisi, watu wa viwandani.

– Kwa hiyo?

– Kwa hiyo mdogo wako ameshafika, au amelala. Inategemea na mchapaji.

– Loo! – Mama Cherehani akasimamisha mashine. – Mtu mzima, miaka thelathini kazini, anakuja kumfariji mwenzake kwa koma! Fundi, nisikilize mimi. Sisi kwetu tunajua kuna toharani. Mtu mwema ana doa lake, ndiyo, lakini kitambaa kizuri hukitupi kwa ajili ya doa. Unakiloweka. Tena mimi kitambaa nakiloweka kabla sijakikata, kinywee kabisa, kisije kikamwaibisha mtu baadaye. Mdogo wako yuko kwenye maji. Na maji yenyewe ni maombi yetu. Omba tu.

– Hilo halimo kwenye Maandiko, – Askofu akasema.

– Hata cherehani haimo, na suruali umevaa.

Koma akacheka mpaka kahawa ikampalia. Fundi Redio hakucheka.

– Askofu, – akasema. – Wewe ndiye ninayesali naye. Sema ukweli unaofundishwa kwetu.

Askofu akazungusha kofia yake mkononi. Mtu huyu, siku nyingine zote, ukimgusa habari za jehanamu anasimama juu ya benchi. Anajua inaanzia kina gani chini ya ardhi, kwa sababu shemeji yake alikuwa mchimba visima na aliwahi kufika mahali pa moto akapanda haraka bila kuaga. Leo aliongea chini chini.

– Imefundishwa kwamba wafu hawajalala. Yule tajiri na yule maskini wa mlangoni kwake, wote walikufa, na tajiri kule aliko alikuwa anaona, anaongea, anasikia kiu.

– Huo ni mfano, – Koma akasema.

– Mfano gani una jina la mtu? Maskini ametajwa kwa jina!

– Hata vitabu vya hadithi nilivyosahihisha vilikuwa na majina.

– Kwa hiyo hajalala, – Fundi Redio akasema.

– Hajalala.

– Na aliyeiacha njia, imefundishwa anakwenda wapi?

Askofu akarudisha kofia kichwani, akaivua tena.

– Mwaka ule alipohama, mchungaji alisema madhabahuni. Wewe ulikuwepo, ulikuwa umekaa mstari wa mbele yangu. Alisema aliyeiacha njia amejipeleka mwenyewe motoni. Kwa hiyo mdogo wangu anaungua. Sasa hivi ninavyoshika kikombe hiki.

– Sikusema hivyo!

– Umesema hajalala.

– Nimesema hajalala, sijasema anaungua! – Askofu akasimama, akakaa. – Moto una sehemu, bwana. Hauwezi kuwa mmoja kwa wote. Muuaji na fundi bomba wakae pamoja? Hapana. Kuna katikati, ambako si pa kusimulia, na kuna pembeni. Na pembeni kabisa, karibu na mlango, naamini kabisa ni joto la kawaida. Kama chini ya bati mchana.

– Hilo nalo limo kwenye Maandiko? – Mama Cherehani akauliza.

– Halijakatazwa!

– Mimi nadhani wote wanaingia, – nikasema, maana niliona sura ya rafiki yangu na sikuweza kukaa kimya. – Wote. Wengine wataingia wamenyooka, wengine wataingia wameinamisha kichwa kwa aibu, lakini wataingia. Mimi nanyoa kila mtu, na nikishamaliza kunyoa, vichwa vyote ni vilevile. Aliyeviumba anashindwa nini?

– Basi twende tukaibe, kama wote wanaingia, – Askofu akasema.

– Nenda. Mimi sikuzuii. Utaingia umeinamisha kichwa.

– Subirini, – Askofu akainua mkono. Niliona macho yake yamewaka. Wazo lilikuwa limemjia, na wazo likimjia Askofu huwezi kulirudisha. – Subirini. Yule tajiri kule motoni aliomba nini?

– Maji, – Koma akasema. – Tone la maji.

– Tone! Kwa nini alikosa hata tone? Kwa sababu hakuna aliyejua kuyafikisha. Sasa fikirini. Mdogo wake huyu alikuwa nani? Aliyetandika bomba za hospitali ya juu kule mlimani, maji yakapanda, wahandisi wamekaa wanatazama, ni nani?

– Ni yeye, – Mama Cherehani akasema taratibu.

– Basi tuseme, nasema tuseme tu, kwamba kwa bahati mbaya amepita huko. Mnadhani atakaa mikono mitupu? Ndani ya wiki ameshapima mteremko. Ndani ya mwezi maji yamefika. Wataanza kumwita kutoka kila upande, fundi njoo huku, fundi huku bado. Na kule juu watasikia kelele zimepungua, watauliza, huko chini kuna nini? Wataambiwa, kuna fundi bomba amefika. Watasema, huyo mtu ameletwa huko kwa makosa, mpandisheni haraka kabla hajauzima moto wote!

Kicheko kilitutoka wote kwa pamoja. Mama Cherehani alijifuta macho kwa kipande cha kitambaa cha mteja. Hata Fundi Redio alicheka, mabega yakatikisika, akacheka tena, halafu mabega yakaendelea kutikisika na tukaona kwamba hacheki.

Askofu akashika ndoo yake kama anataka kuondoka, akaiweka.

– Nisamehe, – akasema. – Nilikuwa natafuta mahali pa kumweka.

– Najua, – Fundi Redio akasema. – Na mimi tangu jana natafuta.

Alijipangusa uso kwa mikono miwili. Alipoanza kuongea hakuwa anamtazama yeyote. Alikuwa anatazama mlango wa kibanda chake uliofungwa.

– Siku ya mazishi ya mama nilisimama kaburini nikasema, jamani msilie, mama anatuona sasa hivi. Na yeye, mbele ya watu wote, akasema: "Hatuoni, kaka. Amelala." Mnajua nilimjibu nini?

Nilikuwa najua. Kinyozi ana masikio. Wengine hawakuwepo.

– Nilimwambia, basi wewe si mtoto wa mama. Yeye! – Akajipiga kifuani. – Mama aliumwa miaka miwili, mimi nikiwa kazini mbali, natuma salamu. Yeye ndiye aliyemgeuza kitandani. Yeye ndiye aliyemnyanyua kumwosha. Mama alikuwa halali kwa maumivu, na yeye alikuwa halali kwa sababu mama halali, miaka miwili. Mimi nilifika siku ya mazishi yenyewe, na viatu vya safari. Nikamwambia yeye si mtoto wa mama.

Mashine ya Mama Cherehani ilikuwa imenyamaza muda mrefu.

– Miaka tisa nimebishana naye kichwani. Kila mstari ninao. Nikifungua redio ya mtu naendelea kubishana. Nasema, tazama, redio ikizimwa, sauti haijafa, bado inapita hewani, ni kwamba huna cha kuinasia. Kadhalika wafu. Nikafurahi, nikasema nikikutana naye nitamwambia hiyo, atakosa jibu. Jana nilipopata ujumbe ndipo nikaelewa, jamani. Yeye alitaka mama alale. Basi. Alikuwa amemwona mtu asiyelala miaka miwili, akapata mahali panaposema sasa amelala, akapashika. Na mimi nilitaka mama awe macho, anione. Anione kwamba nimekuja.

Koma alikuwa amevua miwani, anaifuta, anaifuta tena.

– Sasa angalieni nilipo. Kama mimi ndiye niliyekuwa nasema kweli, mdogo wangu yuko motoni. Kama yeye ndiye aliyekuwa anasema kweli, amelala, hasikii, na mimi nina neno la kumwambia. Nitake lipi? Usiku kucha nimepiga magoti kuomba nishindwe. Mimi! Nimeomba nionekane mwongo kwa miaka tisa yote, yeye alale salama, hata kama hatanisikia. Halafu kukipambazuka naona siwezi. Nataka anisikie. Narudi tena palepale.

– Umekwenda msibani? – Mama Cherehani akauliza.

– Kwa uso gani?

– Kwa huohuo ulio nao.

– Watoto wake nilikuwa nawajua wadogo. Aliyeniandikia huyo, sijui hata ni yupi. Nimepiga ile namba mara tatu, inaita tu.

– Wako kwenye shughuli, – Koma akasema. – Msibani nani anasikia simu.

Nikamimina kahawa iliyobaki. Ilitosha vikombe viwili na nusu. Jua lilikuwa limehamia upande wetu, na kwa kawaida saa hiyo tunahama kufuata kivuli, lakini hakuna aliyehama.

Ndipo akafika mama mmoja mtu mzima, kitambaa cheusi kichwani, begi la safari mkononi limefungwa kwa kamba kwa sababu zipu imekufa. Viatu vyake vilikuwa na vumbi la rangi ambayo si ya mtaa wetu.

– Hodi hapa.

– Karibu mama. Shikamoo.

– Marahaba, wanangu. Hapa ndipo kwa kinyozi?

– Ndipo.

– Namtafuta Fundi Redio.

Hatukumwonyesha kwa kidole, lakini wote tulimtazama. Akasimama.

– Ndiye mimi, mama.

Yule mama akamwangalia kitambo, akatikisa kichwa.

– Ndiyo. Hiyo pua hata nisingeambiwa. Pole, baba. Pole sana. Mimi ndiye niliyemzaa mke wa mdogo wako. Nimeondoka kwangu alfajiri.

– Ahsante, mama. Pole na wewe. – Akasogea ampishe. – Kaa upumzike.

– Nikikaa sitanyanyuka. Binti yangu nampigia hapokei, na simu yangu ndiyo imezima huko njiani. Lakini sikuwa na wasiwasi. Mkwe wangu alishanielekeza siku nyingi, walipohamia hii nyumba ya sasa, mwaka jana. Aliniambia: "Mama, siku ukija usinipate kwenye simu, usihangaike. Shuka stendi, ulizia kijiwe cha kinyozi, hapo utamkuta kaka yangu, Fundi Redio. Yeye atakuleta."

Fundi Redio alikuwa amesimama, mkono mmoja ukiwa bado umeonyesha mahali pa kukaa.

– Alisema hivyo? Mwaka jana?

– Alisema hivyo. Nikamuuliza, kaka yako anapajua? Akasema, "Kaka yangu akose kupajua kwangu?" – Akainua begi, akalihamishia mkono mwingine. – Basi twende, baba. Kwani ni mbali?

Askofu akaangalia ndani ya ndoo yake. Koma akatoa kalamu mfukoni, akairudisha. Mimi nilijua ni ng'ambo ya reli, nilisikia mtu akisema kitini kwangu, lakini ng'ambo ya reli ni nusu ya mji.

Gari moja lilipita. Vumbi likapanda, likatua.

– Mama, – Fundi Redio akasema, – sipajui.

Mama yule alidhani hakusikia vizuri.

– Kwa nani?

– Kwa mdogo wangu. Sijawahi kufika.

Mama alimtazama usoni, na nadhani aliona yote yaliyokuwemo, kwa sababu hakumuuliza la pili. Akamnyooshea lile begi. Fundi Redio akalipokea kwa mikono miwili, akalibeba kifuani, kwa ile kamba na ile zipu mbovu, kama mtu aliyepewa mtoto ambebe.

– Tutapata, mama, – akasema. – Fundi bomba hakosi kujulikana. Tutaulizia.

Wakaondoka. Mama Cherehani akafunika mashine yake, akaichukua nguo ya mteja akairudisha kabatini, akawafuata bila kuaga. Askofu naye akaacha ndoo miguuni kwangu. Mimi nilibaki nikitafuta ufunguo wa duka, na Koma amenishika mkono ananiharakisha, ndiyo maana tulikuwa nyuma yao tulipofika kona ya duka la vifaa vya ujenzi.

Muuzaji alikuwa mlangoni, anapanga mabomba ya plastiki kwa urefu. Fundi Redio alisimama mbele yake, begi kifuani, akamsalimia. Sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyotaka, hata watu wa upande wa pili wa barabara wakageuka.

– Samahani, ndugu, – akasema. – Namtafuta mdogo wangu.